Waliokufa kwa Presha

Mitaani kwetu Mombasa kuna vifo ambavyo haviulizwi sababu. Kipaza sauti cha msikiti kinataja jina la marehemu, jina la babake, nyumba litakapotoka jeneza na swala itakayofuatwa na mazishi. Watu wanasema inna lillahi, wanarudisha milango ya maduka, wanakwenda. Njiani atatokea mmoja, mara nyingi mgeni, aulize kama marehemu alikuwa akiumwa. Ataambiwa presha. Kijana wa miaka 28, presha. Muulizaji atanyamaza hapo hapo, ama kwa sababu amekwisha kufahamu, ama kwa sababu na yeye kwao ana presha ya namna hiyo, imelala chumba cha uani mchana kutwa.

Presha hizo zina ndugu zake. Kuna aliyeanguka msalani. Kuna aliyepata homa ya siku mbili. Kuna yule ambaye siku zake zilikuwa zimefika, na hilo halina wa kulipinga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakutujua sisi. Kwetu hata kifo hakimuumbui mtu, maana kikija tunakificha na chenyewe.

Ninaandika kwa ajili ya mtoto wa halati yangu, ambaye kwa kumbukumbu za serikali alikufa kwa presha. Jina lake silitaji; mamake yu hai, na jina hilo ni lake kulitoa au kuliweka.

Alikuwa fundi wa mashine za boti. Hakusomea chuo chochote, alijifunza kwa kukaa ufukoni na wazee na kuwapa spana kabla hawajaiomba. Wavuvi walikuwa wakimletea mashine iliyowashinda wengine, naye haifungui. Anaiwasha, anasimama kando, anasikiliza, kisha anamwambia mwenyewe ni plagi au ni kabureta, na aghalabu ndivyo ilivyokuwa. Nilimwonea wivu kwa hilo. Mimi niliyepelekwa shule nzuri sikuwa na kitu hata kimoja ambacho ningeweza kukijua kwa kukisikiliza tu.

Unga ulimkuta kama ulivyowakuta wengi wa rika letu, kwa marafiki, kwa sigara iliyopakiwa kitu juu ya bangi. Wala haukuwa mgeni. Mombasa, Malindi na Lamu ziliujua tangu miaka ya 1980, ulipokuwa ukiitwa brauni na kuvutwa kwa kufukuzwa moshi wake juu ya karatasi ya fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mweupe, unaoyeyuka majini kwa wepesi, na mweupe ndio uliotuletea bomba la sindano. Nyuma ya sindano zikaja homa ya ini na virusi vya ukimwi. Makadirio yaliyotumiwa kwa miaka mingi Kenya yaliwaweka wanaojidunga wenye virusi hivyo karibu 18 katika kila 100, mara tatu ya watu wengine. Njia ya unga wenyewe ni ya zamani kuliko unga. Kasumba inalimwa Afghanistan, heroini inashushwa hadi pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, inapakiwa jahazini na kuja kusini. Kusi ikikoroga bahari, safari hupungua. Bahari ikitulia, hurudi. Ni bahari ile ile iliyotuletea tende, mazulia na baadhi ya babu zetu.

Teja hapotei siku moja. Anaondoka kidogo kidogo, na kila anapoondoka kuna kitu cha nyumba kinachofuatana naye. Kwa halati ilianza pete, ambayo aliitafuta wiki nzima chini ya kitanda, akakataa kuwaza alichokuwa anakiwaza. Ukafuata mtungi wa gesi. Zikafuata sufuria, pasi, na viatu vya watu msikitini, na hivi ndivyo vilivyomwaibisha mzee wake kuliko mengine, kwa sababu vilimfanya abadilishe msikiti. Watu wanaosimulia habari za mateja hupenda kukomea kwenye orodha hii ya wizi. Mimi orodha hii hainitoi machozi. Siku niliyoanza kumlilia ni siku aliyouza spana zake. Alikuwa amezifunga katika kipande cha turubai kwa mpangilio wa ukubwa, na aliyezinunua aliniambia kwamba hata bei hakubishana.

Tangu siku hiyo nilikuwa mfiwa, na maiti alikuwa akipita mbele yangu barabarani akiniomba shilingi hamsini. Huu ni msiba ambao desturi zetu haziujui. Hauna siku tatu, hauna hitma, hauna mtu wa kuja kukaa nawe kwenye mkeka. Jirani hawezi kukupa pole, kwa kuwa kukupa pole ni kukuambia kwamba anajua. Halati alimfungia mlango kwa komeo, na usiku huo huo akamwekea sahani ya wali kibarazani, imefunikwa, na jiwe juu ya kifuniko kwa ajili ya paka. Wapo waliomwambia kwamba ama afunge ama alishe, mambo mawili hayaendi pamoja. Yeye akayafanya yote mawili kwa miaka, bila kuona kosa.

Tulimpeleka kwa masheikh. Tulimpeleka shamba kwa ami yake, akatoroka. Kuna wakati alikaa katika nyumba ya kurekebishia tabia, akarudi mnene, mcheshi, akisali kwa wakati, na sote tukadhani tumerudishiwa mtu wetu. Hatukuambiwa, au tuliambiwa hatukusikia, kwamba maradhi haya hurudi, na kwamba hatari kubwa iko hapo hapo kwenye kurudi.

Hili nitalieleza polepole, kwa sababu ndilo lililomwua. Mwili wa anayetumia heroini kila siku huizoea. Kiasi ambacho kingetulaza wewe na mimi kaburini, yeye kinamwezesha tu kusimama wima, bila arosto, bila yale maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na vipele vya baridi vinavyomfanya mtu mzima ajikunje kama mtoto. Akikaa mbali na unga kwa wiki kadhaa, mazoea hayo yanaondoka. Kichwa bado kinakumbuka kipimo cha zamani, lakini mwili umekwisha kukisahau. Siku anaporudi na kujidunga kiasi alichokuwa akijidunga, heroini inakwenda kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi na kuilaza. Pumzi zinakuwa nzito, zinakoroma, zinaachana. Midomo inageuka rangi. Anayemtazama anafikiri amelala usingizi mzuri.

Mtoto wa halati yangu hakutoka hospitali, alitoka rumande. Alikamatwa na kete kwenye msako, ule msako unaokuja na gari moja, unaojaza vijana na kuondoka, na magazeti ya kesho yanasema vita dhidi ya dawa za kulevya vinaendelea. Aliyemuuzia kete hakukamatwa. Aliyemuuzia huyo muuzaji hakuwepo mtaani, wala hajapata kuwepo. Mwenye kete analala ndani, mwenye gunia analala kwake. Sentensi hii utaisikia kutoka Lamu hadi Vanga, na hakuna anayeisema kwa hasira tena. Huko rumande alipitia arosto bila dawa, sakafuni, akapona, kama ukipenda kuita kupona. Akaachiliwa mwili ukiwa mtupu. Siku tatu baadaye akafa.

Mwenzake aliyekuwa naye alimburuta kutoka maskani hadi kibarazani kwa halati, akagonga mlango kwa nguvu, akakimbia. Wakati huo alikuwa bado na joto. Wapo katika ukoo wetu wanaomlaani kijana huyo mpaka leo. Nilimkuta baadaye, nikamuuliza kwa nini hakukaa, au hakuita gari. Akanitazama kwa namna ambayo mtu mzima humtazama mtoto anayeuliza kwa nini bahari ina chumvi. "Ningekaa, ningekuwa mimi niliyemwua." Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Teja aliyekutwa na maiti na bomba hana wa kumsikiliza. Sheria ile ile iliyokusudiwa kuwalinda ndiyo iliyomfukuza shahidi pekee aliyejua kwamba kulikuwa na dakika kadhaa za kumwokoa.

Nilimwaga maji wakati wa kumwosha. Muoshaji alikuwa mzee wa mtaa, ameosha wengi. Alipofika kwenye mikono alivuta kitambaa kikafunika kuanzia begani hadi viganjani, akaosha kwa chini yake, akipapasa, bila kutazama. Akafanya hivyo hivyo kwenye kinena na nyuma ya magoti, mahali ambapo wanaojidunga huhamia mishipa ya mikono ikikauka. Hakuna aliyesema neno. Dini inamtaka muoshaji asitangaze aibu aliyoiona kwa maiti, na yule mzee alilitimiza hilo kwa adabu ambayo sitaisahau. Mtoto wa halati yangu alikuwa ametazamwa kwa dharau kwa muda mrefu kiasi kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kuona mtu akimgusa kwa heshima.

Kwa hiyo siwezi kuilaani sitara. Nimeiona kazini, na ni jambo jema. Ninachouliza ni inaishia wapi. Kabla ya adhuhuri mtu alikwishakwenda kwa naibu wa chifu kupata kibali cha kuzika, kwa sababu aliyefia nyumbani hupitia huko. Naibu wa chifu aliuliza alikuwa na nini. Aliyetumwa akasema presha. Ikaandikwa. Kupasua maiti hakukutajwa, wala katika familia zetu hakutajwi mpaka polisi walazimishe. Sisi huzika siku hiyo hiyo. Alasiri alikuwa chini ya mchanga, na hakuna daftari lolote katika Jamhuri ya Kenya linalojua kwamba heroini ilimwua raia mmoja siku hiyo. Sitara aliyopewa maiti ilikuwa imemfunika na mwenye jahazi.

Matangani watu walisema yanayosemwa. Mmoja, mama wa heshima, alimshika halati mkono akamwambia, "Amepumzika, na wewe umepumzika." Hakukusudia ubaya. Halati akautoa mkono wake taratibu. "Nani kakuambia nilikuwa nimechoka?"

Serikali nayo ina namna yake ya kuhesabu. Inahesabu kilo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi baharini mashariki ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa kati ya mifuko ya saruji. Zilikwenda majini. Miezi michache baadaye meli ya Al Noor ilikutwa hapa Mombasa na heroini ya kilo zipatazo 370, nyingine ndani ya tangi la dizeli, na tarehe 29 Agosti mwaka huo ikavutwa baharini na kulipuliwa, Rais Uhuru Kenyatta akitazama. Moshi ule tuliuona kwenye televisheni, sebuleni, na mtoto wa halati yangu akiwa nasi, kabla hajafungiwa mlango. Alicheka. Alisema kesho bei itapanda shilingi mia na kesho kutwa itarudi.

Si Kenya peke yake. Desemba 2023 mamlaka ya Tanzania ya kupambana na dawa za kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Kazi kubwa, na maafisa walioifanya walihatarisha maisha yao, siwabezi. Lakini katika mikutano yote ya wanahabari ambayo nimepata kuifuatilia, Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam, mifuko imepangwa mezani na mizani iko karibu, sijamsikia mkuu yeyote akianza kwa kusoma idadi ya waliokufa. Kilo zinaonekana. Zinapigwa picha. Hazina mama.

Mara chache sheria imepanda juu, na hata hapo imepanda kwa ngazi ya watu wengine. Baktash Akasha na nduguye Ibrahim, wauzaji wakubwa wa unga, walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Kesi ikavutana mahakamani kwetu hadi Januari 2017, walipopandishwa ndege kwenda Marekani. Huko walikiri makosa, na miongoni mwa waliyokiri ni kuwahonga maafisa wa Kenya ili mambo yao yacheleweshwe. Mahakama ya New York ikampa Baktash miaka 25 mwaka 2019 na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, Desemba 2010, waziri wa usalama wa ndani, Profesa George Saitoti, alisimama bungeni akasoma majina ya wabunge waliokuwa wakituhumiwa, na polisi baadaye wakasema hawakupata ushahidi. Nakumbuka zaidi kilichotokea mitaani siku zile zile. Unga uliadimika pwani yote, bei ikapanda, na mamia ya watu wakaingia arosto kwa pamoja. Hospitali hazikuwa na cha kuwapa. Kwa mara ya kwanza mji ulilazimika kuona ni wangapi, kwa sababu walikuwa wamelala vibarazani mchana wakilia. Unga uliporudi, tukaacha kuona.

Sasa kuna jambo jingine linalonitisha, na ndilo lililonifanya nitoe kalamu baada ya kunyamaza. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo cha kasumba, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mashamba ya Afghanistan yamepungua kwa asilimia 95, kutoka hekta 233,000 hadi 10,800. Mtu asiyejua biashara hii atashangilia. Lakini mwenye kiu ya heroini hapungui kwa sababu shamba limekauka, na mfanyabiashara anayemuuzia hafungi duka. Anatafuta kitu kingine cha kujaza kete.

Kitu hicho Marekani wanakijua kwa jina la fentanili. Iliundwa mwaka 1960 na daktari Mbelgiji, Paul Janssen, na hospitalini ni dawa ya maana, huzima maumivu katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Ina nguvu kama mara 50 ya heroini. Miligramu 2, chembe ambazo zingekaa kwenye ncha ya penseli, zinaweza kumwua mtu asiyezoea. Haihitaji shamba, mvua wala msimu, inatengenezwa maabara kwa kemikali. Inachanganywa katika unga au katika vidonge vya bandia, na anayenunua hajui, mara nyingine hata anayemuuzia hajui. Afrika Magharibi imekwisha kuonja jamaa zake: katika kush, ile dawa iliyomfanya Rais Julius Maada Bio wa Sierra Leone atangaze hali ya dharura Aprili 2024, vipimo vilikuta nitazini, dawa za maabara ambazo baadhi yake zina nguvu hata kuliko fentanili.

Fikiria mizani yetu mbele ya kitu kama hicho. Kilo moja ya fentanili ina miligramu milioni moja. Ukigawa kwa mbili, ni vifo 500,000 vinavyowezekana, na vyote vinaingia katika mkoba wa mwanafunzi. Haihitaji jahazi. Haihitaji Makran wala kaskazi. Inaweza kuja kwa bahasha, na manowari zote za dunia zikawa zinalinda bahari ambayo hakuna kinachopita. Ofisi iliyozoea kupima ushindi wake kwa kilo itakaa ikijipongeza kwamba mzigo umepungua. Wakati huo wenye presha watakuwa wanaongezeka, na hakuna atakayejua, kwa sababu sisi ndio tulioandika presha.

Wamarekani wana mengi ya kulaumiwa katika habari hii. Fentanili iliwakuta wakiwa nchi iliyokwisha kulewa vidonge vilivyoandikwa na madaktari wenyewe kwa faida ya makampuni. Lakini walihesabu. Mwaka 2022 walikufa kwao watu 107,941 kwa dawa kuzidi mwilini, na karibu 7 katika kila 10 walikuwa na fentanili au za aina yake. Wanajua hivyo kwa sababu damu ya marehemu hupimwa na cheti cha kifo hueleza. Idadi ile iliwatia aibu, na aibu ikawasukuma. Majimbo mengi yana sheria inayomkinga asishitakiwe kwa kete yake mtu anayepiga simu kuomba msaada mwenzake anapozidiwa. Machi 2023 naloksoni ya kupuliza puani iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Mwaka 2024 vifo vilishuka hadi kama 80,000. Sababu za kushuka ni kadhaa, na wenyewe bado wanabishana juu yake. Ila huwezi kubishana juu ya idadi ambayo hukuiandika.

Naloksoni ni dawa ya ajabu kwa jinsi ilivyo ya kawaida. Inafukuza heroini, au fentanili, kutoka mahali ilipojishikiza ubongoni, na mtu aliyekuwa bluu midomoni anavuta pumzi ndani ya dakika chache, mara nyingi akiamka na matusi kwa sababu umemharibia. Nguvu yake haidumu sana, baina ya nusu saa na saa moja na nusu, kwa hiyo aliyeamshwa asiachwe peke yake. Na fentanili wakati mwingine hutaka dozi ya pili. Haimleweshi mtu. Ukimpa asiyetumia chochote, haimfanyi kitu. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri iwe mikononi mwa watu walio karibu na wanaojidunga, yaani wenzao, mama zao, wahudumu wa mitaani. Yule kijana aliyegonga mlango akakimbia angekuwa nayo mfukoni, na awe na sheria ya kumkinga, ningekuwa naandika makala nyingine, au nisingeandika kabisa.

Nasikia hoja ya upande wa pili, nilikua nayo. Ukiwapa dawa ya kuwaamsha, watatumia bila hofu. Ukiwapa sindano safi, unawafundisha kujidunga. Mwaka 2012 na 2013 mpango wa sindano ulipoletwa pwani, masheikh na wazazi wengi walipinga, na sikuwaona wajinga. Walikuwa watu waliochoka kuzika. Lakini tumejaribu hofu kwa miaka arobaini. Kama hofu ingekuwa tiba, mtoto wa halati yangu, ambaye aliogopa polisi, akamwogopa babake, akaogopa moto wa Jahanamu kwa dhati kuliko mimi, angekuwa mzima. Kinyume chake nimewaona waliosimama kwa methadoni. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011. Kwetu ilikuja mwishoni mwa 2014 Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika pwani. Ni kikombe kidogo cha dawa ya maji, unakunywa mbele ya muuguzi kila siku, hata Idi, hata mvua. Si kizuri kutazama, mtu mzima akipanga foleni kila asubuhi kwa miaka. Lakini mmoja wa wanaopanga foleni hiyo ananiuzia samaki, na mizani yake ni ya haki.

Nirudi kwa wenzangu tunaofiwa, maana polisi na wabunge wana wa kuwasema. Maiti afunikwe mikono yake. Matangani mtu asiulizwe, na akiulizwa aseme atakalo. Lakini kuna mahali pawili pa kusema kweli bila kumvunjia mtu heshima: kwa daktari, na kwa anayeandika kibali cha kuzika. Kwenye daftari hakuna jirani anayesoma jina. Inabaki tarehe, umri na sababu, na mwisho wa mwaka inabaki idadi, na idadi haina uso wa kutahayari. Masheikh wetu, ambao neno lao kwetu ni zito kuliko la gavana, wanaweza kulisema hilo katika hotuba moja ya Ijumaa likaeleweka.

Na serikali mbili za pwani hii, ya Kenya na ya Tanzania, zina deni la mambo matatu ambayo hayahitaji manowari: damu ya aliyekufa ghafla akiwa kijana ipimwe, naloksoni ifike maskani kabla fentanili haijafika, na anayeita msaada asikamatwe. Kisha mkutano ujao wa wanahabari, mifuko ikiwa imepangwa mezani, mkuu aanze kwa kusoma idadi ya watu. Kilo atazisoma baadaye.